NAT Si Ukuta: Turudishieni Ukurasa wa Njia

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, na niliahidi kuendelea na ile mada ya hifadhidata. Itabidi ingoje. Leo nimekasirika na nataka kuandika hasira ikiwa bado moto.

Shangazi yangu ana saiba. Ni chumba kimoja mbele ya ploti: tarakilishi sita, printa moja ya leza na kamera mbili zenye kinasa picha chao. Nyuma ya ploti ndiko anakoishi. Siku hizi watu hawaji saiba kuvinjari, wana simu. Wanakuja kuchapishiwa barua za kazi, fomu za serikali na mitihani ya shule za jirani. Walimu huleta mitihani jioni, naye huipanga usiku kwenye laptopu yake akiwa nyumbani. Akimaliza huweka faili kwenye flashi, huchukua funguo na tochi, huvuka uwanja na kufungua mlango wa chuma wa saiba saa tano usiku ili achape. Printa iko kwenye waifai. Laptopu iko kwenye waifai. Kati yao kuna mita ishirini hivi.

Nilipomtembelea nikamwuliza kwa nini hachapi akiwa kitini. Akacheka. "Mwanangu, hizo ni mitandao miwili. Fundi alisema haiwezi kuonana, ni kwa ajili ya usalama." Alikuwa ameshapigia huduma kwa wateja ya kampuni inayomuuzia intaneti, wakamshauri achukue kifurushi kikubwa zaidi. Kifurushi kikubwa ili faili ivuke uwanja!

Ninayopinga leo ni haya mawili, kwa sababu nimeyasikia katika nyumba nyingi: eti mitandao miwili ya nyumbani haiwezi kuonana, na eti kutoonana huko ni usalama. La kwanza si kweli. La pili ni baya zaidi, kwa maana linawafanya watu walale wakidhani mlango umefungwa kumbe uko wazi.

Kwanza tuone jinsi mambo yalivyofungwa pale. Kuna kisanduku cha faiba cha kampuni kilicho nyumbani. Tukiite ruta A. Anwani yake ni 192.168.1.1, na vifaa vya nyumbani vyote vina anwani zinazoanza na 192.168.1. Shangazi alinunua ruta ya pili, B, kwa ajili ya saiba. Fundi alitoa waya kwenye tundu la LAN la A akauchomeka kwenye tundu la WAN la B. Kwa hivyo B ina anwani mbili: upande wa nyumbani ni 192.168.1.2, upande wa saiba ni 192.168.2.1. Vifaa vya saiba vyote vinaanza na 192.168.2. Hizo ndizo sabneti mbili. Hadi hapo hakuna kosa lolote. Kutenga wateja na familia ni wazo zuri.

Kosa ni kwamba B iliachwa ikifanya NAT, kama ilivyotoka kwenye boksi. Yaani kila pakiti inayotoka saiba hubadilishwa anwani ya mtumaji ikawa 192.168.1.2, kisha B hukumbuka nani aliyeituma ili jibu likirudi limfikie. A nayo hufanya NAT yake kuelekea kwenye intaneti. NAT juu ya NAT. Na kama anwani ambayo A imepewa na kampuni inaanzia 100.64 hadi 100.127, ujue kuna NAT ya tatu huko kwa kampuni. Anwani hizo zilitengewa kazi hiyo mwaka wa 2012, katika RFC 6598.

Sasa fuateni pakiti mbili.

Pakiti ya kwanza inatoka kwenye laptopu ya shangazi kwenda kwa printa, 192.168.2.50. Laptopu inaona anwani hiyo si ya sabneti yake, inaikabidhi A. A inaangalia jedwali lake la njia. Halina mstari wowote wa 192.168.2. Lina mstari wa jumla tu, ule wa kusema "mengine yote yapeleke kwa kampuni". Basi A inaitupa pakiti hiyo kwenye faiba, na huko inafia. Mtihani wa hesabu wa darasa la saba umetumwa mjini ilhali printa iko hapo nje ya dirisha.

Pakiti ya pili inatoka kwa mteja aliyeketi tarakilishi nambari tatu kwenye saiba, kwenda 192.168.1.30, ambayo ni kamera ya uwanja wa nyumbani. Tarakilishi inaikabidhi B. B inaijua 192.168.1 vizuri kabisa, kwa kuwa iko kwenye tundu lake la WAN. Inabadilisha anwani ya mtumaji, inaipeleka. Kamera inadhani imeulizwa na jirani yake wa nyumbani, inajibu.

Sikuamini mpaka nilipoketi kwenye tarakilishi hiyo nambari tatu nikaandika anwani ya kamera kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingia ukafunguka. Nikaandika 192.168.1.1, ukurasa wa kuingia wa ruta ya nyumbani nao ukafunguka. Neno lake la siri lilikuwa lile lile lililobandikwa chini ya kisanduku.

Kwa hivyo mteja aliyelipa shilingi chache anaweza kubisha kwenye kamera ya uwanja wa shangazi, lakini shangazi akisikia kishindo usiku hawezi kufungua kamera za saiba yake kwenye simu akiwa kitandani. Fundi alijenga ukuta, sawa, ila aliugeuza. Waliofungiwa nje ni wenye nyumba.

Ndiyo maana nasema NAT si ukuta. Haikutengenezwa iwe ukuta. RFC 1631 ya Mei 1994, iliyoandikwa na Kjeld Egevang na Paul Francis, ilileta NAT kama suluhisho la muda mfupi kwa sababu anwani za IPv4 zilikuwa zinaelekea kuisha. Shida yake ilikuwa uhaba wa anwani. Nyumbani kwako kuna uhaba gani wa anwani? RFC 1918 ya Februari 1996 inakupa 192.168 yote bure, anwani 65,536, ambazo ni sabneti 256 za ukubwa huo wa nyumbani. Na ikikupungukia kuna 10 yote, anwani zaidi ya milioni 16. Hakuna sababu hata moja ya kuficha chumba kimoja cha ploti nyuma ya chumba kingine.

Dawa ni njia tuli. Ni mstari mmoja unaouandika kwa mkono kwenye jedwali la njia la ruta A:

Mwisho wa safari: 192.168.2.0
Maski ya sabneti: 255.255.255.0
Lango: 192.168.1.2

Maana yake: anayetaka kwenda sabneti ya 192.168.2, apitie kwa B. Mtu yeyote aliyewahi kumwelekeza mgeni stejini anaelewa jambo hili. Ruta hufuata mstari ulio mahususi zaidi kwanza, kwa hivyo mstari huu hauharibu ule wa jumla wa kwenda kwenye intaneti. Baada ya hapo unaenda kwenye B na kufanya mambo manne:

1. Ipe anwani ya kudumu ya 192.168.1.2 upande wa WAN, lango lake likiwa 192.168.1.1. Hakikisha anwani hiyo haimo kati ya zile A inazogawa kwa DHCP, la sivyo siku moja simu ya mtu itaichukua.

2. Zima NAT. Kwenye ruta nyingi utaona chaguo la kufanya kazi kama ruta badala ya kama lango la intaneti.

3. Kwenye ngome, yaani sehemu inayokagua pakiti, ruhusu 192.168.1 kuingia 192.168.2. Kama unataka printa na kinasa picha tu, ruhusu hivyo viwili tu.

4. Kwenye ngome hiyo hiyo, kataza 192.168.2 kuanzisha mazungumzo yoyote na 192.168.1. Majibu yapite, maswali mapya yasipite. Wateja bado watapata intaneti, kwa kuwa pakiti zao zinapita tu kwa A, haziulizi chochote kwa vifaa vya nyumbani.

Huo ndio ukuta, na huu unaelekea upande unaofaa. Umeuandika mwenyewe, unaweza kuusoma, na kesho unaweza kuubadilisha. Njia inasema pakiti ipite wapi. Ngome inasema ipite au isipite. NAT haifanyi kazi yoyote kati ya hizo mbili, na anayekuambia inafanya hajawahi kufuata pakiti.

Sitaki mtu aseme nimeficha ugumu. Kuna mambo matatu yatakayokukwamisha, na yalinikwamisha mimi.

La kwanza, njia ni ya kwenda na kurudi. Printa ya shangazi ilikuwa imepewa anwani kwa mkono na aliyeiweka hakujaza lango. Pakiti zilikuwa zinafika, printa inazipokea, lakini haikujua mahali pa kupeleka jibu kwa mtu asiye wa sabneti yake. Nilipoteza karibu saa nzima nikiilaumu B. Nikaweka lango 192.168.2.1 kwenye printa, ikajibu papo hapo. Tarakilishi za Windows nazo zina ngome yake, na kwa kawaida kushiriki faili huruhusiwa kwa sabneti yao tu. Hilo nalo utalifungua kwa mkono.

La pili, printa haitajitokeza yenyewe kwenye orodha. Vifaa hutafutana kwa matangazo ya mDNS ambayo hayavuki ruta. Usitafute, iongeze kwa kuandika anwani yake ya IP. Poti ni 9100 kwa printa nyingi za mtandao.

La tatu ndilo la wajuaji. Laptopu inapitia A kwenda kwa B, lakini jibu likirudi B inamjua mwenye laptopu moja kwa moja, haina haja ya kupitia A. Kwa hivyo A inasikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na baadhi ya ngome huona jambo hilo ni la kutiliwa shaka na kutupa pakiti. Ukiona mlio wa ping unafika lakini kuchapa kunakwama, anzia hapo. Ruta nzuri ina mahali pa kulegeza ukaguzi huo kwa sabneti zako mwenyewe, au unaipa B tundu lake peke yake kwenye A lenye sabneti ya tatu.

Kuna watakaosema: "Kwani si ungeifanya B iwe kituo cha waifai tu, mtandao uwe mmoja?" Kwa nyumba isiyo na wageni, ndiyo, fanya hivyo, ni jibu zuri kuliko langu. Zima DHCP ya B, chomeka waya kwenye tundu la LAN, umalize. Lakini hapa kuna wageni kila siku, na sitawaweka kwenye mtandao mmoja na kamera ya uwanja wa mtu. Wengine watasema: "Fungua poti kwenye B ielekeze kwa printa." Hiyo nayo inafanya kazi, kwa printa moja. Kinasa picha kinataka poti yake. Tarakilishi sita anazotaka kuziangalia akiwa nyumbani kila moja inataka yake, na utahitaji daftari la kukumbuka poti ipi ni ya nani. Ni kiraka juu ya kiraka mahali ambapo mstari mmoja unatosha.

Sasa tufike kwenye kisa hasa cha hasira yangu.

Niliingia kwenye ruta A kuandika huo mstari mmoja. Ukurasa haupo. Si kwamba kifaa hakiwezi. Ndani ya visanduku vingi vya aina hii mna Linux, na Linux inajua njia tuli tangu mimi sijazaliwa. Ukurasa umefichwa. Akaunti anayopewa mteja inaonyesha jina la waifai, neno la siri na vitu vingine vichache. Ukurasa wa njia uko kwenye akaunti ya kampuni. Nikapiga simu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, simlaumu. Hakujua njia tuli ni nini, akauliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikaomba nipelekwe kwa mhandisi, nikapewa nambari ya malalamiko. Hadi leo sijapigiwa.

Najua utetezi wao. Wakifungua ukurasa huo, watu wataharibu mambo kisha wapige simu wakilalamika intaneti imepotea. Ni kweli watu wengine wataharibu. Lakini ukurasa wa neno la siri la waifai uko wazi na watu huuharibu kila siku, na kitufe cha kurudisha kifaa kilivyotoka kiwandani kipo. Hata wasipotaka kufungua, mitambo ya kuandika mstari huo kutoka ofisini ipo. Itifaki ya TR-069, inayoziwezesha kampuni kusimamia visanduku vya wateja kutoka mbali, imekuwepo tangu 2004. Kama wanaweza kubadilisha programu ya kisanduku changu nikiwa nimelala, wanaweza kuandika mstari mmoja nikiwaomba nikiwa macho.

Na mtu asiniambie haiwezekani kibiashara. Ujerumani ilipitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2016 inayompa mteja haki ya kuchomeka ruta anayoichagua mwenyewe, na kampuni kulazimika kumpa maelezo ya kuunganisha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2015, nambari 2015/2120, inataja haki ya mtumiaji kutumia kifaa anachokitaka. Intaneti yao haijaanguka.

Linganisheni na ruta B. Hiyo shangazi aliinunua dukani kwa pesa zake, na kwa bahati ni ya aina inayokubali OpenWrt, ile programu huria iliyoanza 2004 kutokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G. Niliiwekea jioni hiyo hiyo. Jedwali la njia liko wazi, ngome iko wazi. Kile cha bei nafuu alichonunua kinamtii. Kile anacholipia kila mwezi hakimtii.

Kwa kuwa A haikufunguka, sikuweza kuzima NAT kwenye B. Ningeizima bila A kuwa na ule mstari, majibu ya intaneti ya saiba yangefika kwa A na kukosa njia ya kwenda. Nikaiacha NAT, nikaandika zile sheria za ngome, zile za kuruhusu nyumba kuingia na kukataza wateja. Halafu nikaandika njia kwenye laptopu yenyewe:

route -p add 192.168.2.0 mask 255.255.255.0 192.168.1.2

Hiyo p ni ya kufanya njia idumu hata ukizima tarakilishi. Shangazi alichapa kurasa arobaini za mtihani akiwa kwenye kochi, tukasikia printa ikinguruma ng'ambo ya uwanja. Kwenye simu yake sina mahali pa kuandika njia hiyo, kwa hivyo kamera za saiba nimezifungulia kiraka cha poti, kile kile nilichokisema vibaya hapo juu. Nakiri.

Nina neno pia kwa wenzangu tunaoandika programu. Nilisoma shahada ya sayansi ya tarakilishi. Nilijaza majedwali ya njia kwenye mtihani nikapata alama nzuri, kisha miaka miwili mizima nikaishi na NAT juu ya NAT kwenye nyumba yangu mwenyewe, nikidhani mambo ya waya ni ya mafundi. Wangapi kati yetu tunawasha Docker kila asubuhi, inatuwekea sabneti ya 172.17 na NAT yake, na hatujawahi kuuliza pakiti inapita wapi? Sisi ndio fundi anaotuiga. Tukisema "ni network, haionani", naye atasema hivyo hivyo kwa shangazi wa mtu.

Ninayodai ni machache. Kampuni, fungueni ukurasa wa njia tuli kwa mteja anayeuomba, au muandike mstari huo nyinyi wenyewe ndani ya siku moja. Andikeni kwenye mkataba, kabla mtu hajatia sahihi, ni kurasa zipi mmezificha. Na mruhusu anayetaka kuweka ruta yake mwenyewe aiweke. Mafundi, mkichomeka ruta ya pili kwenye nyumba, keteni upande wa ndani mjaribu kufungua vifaa vya upande wa nje kabla ya kutamka neno usalama. Ni dakika mbili tu.

Nilipomweleza shangazi kwamba suluhisho safi lililobaki ni kununua ruta ya tatu iliyo yake, ibebe sabneti zote mbili, na kisanduku cha kampuni kibaki kuleta intaneti tu, alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo ninunue ruta nyingine kwa sababu ya mstari mmoja?" Ndiyo, shangazi. Na wewe una mtoto wa kaka yako anayeandika programu. Asiye naye bado anavuka uwanja na tochi.

Haya, hifadhidata tutarudia wiki ijayo, Mungu akipenda. Kabla ya hapo, ingieni kwenye ruta zenu mtafute ukurasa wa njia. Mkiukosa, pigeni simu. Wakipigiwa na mmoja hawajali, wakipigiwa na mia huenda wakajua njia tuli ni nini.